Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Helikopta 16 Zinakuja, Nani Atazitunza?

Nairobi, Septemba 2024

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi,
Wizara ya Ulinzi,
Nairobi.

Pamoja na:
Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi;
Mwenyekiti na wanachama, Kamati ya Bunge la Kitaifa kuhusu Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni.

KUH: UTAYARI WA NDEGE ZA KIJESHI, NA SERA YA KUZINUNUA, KUZIPOKEA NA KUZITUNZA

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni fundi wa ndege. Kazi hii nimeifanya karibu maisha yangu yote ya utu uzima katika karakana za Nairobi, bega kwa bega na wenzangu, wengi wao waliotoka jeshini. Nakuandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imeshindikana. Mapendekezo yaliyomo humu niliyapeleka kwanza kwa mkono katika ofisi inayohusika. Barua ikapigwa mhuri wa kupokelewa. Nilipofuatilia nikaelekezwa kwenye dirisha jingine, na dirisha hilo likanirudisha kwenye lile la kwanza. Sijajibiwa ndiyo wala hapana. Karani aliyenipokea simlaumu, alifanya kazi yake. Lakini jambo lenyewe linahusu uhai wa watu, na kuliacha lilale kwenye faili ni makosa.

Tarehe 18 Aprili 2024, helikopta ya Huey ya Jeshi la Wanahewa ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kupaa kutoka Cheptulel, Pokot Magharibi. Ilikuwa imebeba watu 12. Kumi walifariki, akiwemo Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla. Marehemu alikuwa rubani wa ndege za kivita, aliwahi kuliongoza Jeshi la Wanahewa, na miongoni mwa mafunzo aliyopata katika utumishi wake mlikuwamo uchunguzi wa ajali za ndege. Nchi ilimpoteza mtu ambaye angeielewa barua kama hii kuliko wengi wetu.

Tarehe 23 Mei, kabla hata machozi hayajakauka, Ikulu ya Marekani ilitangaza kwamba Kenya itapewa helikopta 16: Huey nane na MD-500 nane, zianze kufika mwishoni mwa mwaka huu na kukamilika katika nusu ya kwanza ya 2025.

Sipingi kuja kwake. Katika mafuriko ya Aprili na Mei kila Mkenya aliona kazi ya helikopta pale barabara inaposombwa na watu wamekwama juu ya mapaa. Kaskazini mwa Bonde la Ufa, katika Operesheni Maliza Uhalifu, na katika msitu wa Boni, kuna mahali ambapo askari aliyejeruhiwa hafiki hospitalini akiwa hai bila helikopta. Ninachosema ni kwamba serikali zetu, moja baada ya nyingine, zimejua kupanga siku ya kupokea ndege: bendera, hotuba, picha. Miaka ishirini inayofuata siku hiyo haina mpango unaojulikana wala bajeti inayolindwa. Humo ndimo utayari wa jeshi unamopotelea. Nina hoja sita.

1. Ajali zinatokea, mafunzo yake hayatufikii

Kabla ya Sindar kulikuwa na Lamu, Septemba 2023, ambapo helikopta ya jeshi ilianguka ikiwa kwenye doria ya usiku na wote waliokuwamo wakafa. Kabla ya hapo kulikuwa na Ole Tepesi, Kajiado, Juni 2021, ambapo helikopta ya Mi-171 iliyobeba wanajeshi waliokuwa mafunzoni ilianguka na kuua angalau 10. Kila mara taarifa ilitolewa, bodi ya uchunguzi ikaundwa, kisha pazia likashuka. Kuhusu Sindar, Wakenya bado wanasubiri kusoma matokeo.

Katika fani yetu ajali isiyoelezwa ni ajali inayosubiri kurudi. Karakana ya kiraia ikigundua ufa katika kipuri fulani, taarifa husambazwa kwa kila mwenye ndege ya aina hiyo, na kipuri hicho hukaguliwa kabla ndege haijapaa tena. Hivyo ndivyo usafiri wa anga ulivyokuja kuwa salama kama ulivyo leo, ripoti moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kufa. Rubani kijana wa Nanyuki na mama yake kijijini wana haki ya kujua nini kiliwaua waliomtangulia, na nini kimebadilishwa tangu hapo.

2. Ndege ya msaada ina bei yake

Hapa naomba uniwie radhi nikieleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo uamuzi mwingi huharibika.

Helikopta ina vipuri ambavyo lazima vitolewe vikifikisha saa zake za kuruka, hata kama kwa macho vinaonekana vizima: mapanga ya rota, shafti, sehemu za giaboksi, sehemu za injini. Vingine huhesabiwa kwa kalenda. Ndege ikikaa bandani bila kupaa, muda wake unaendelea kuyoyoma. Kwa hiyo siku helikopta inapokabidhiwa, deni linaanza, na deni hilo halijali kama ndege yenyewe ilinunuliwa au ilitolewa bure. Wahenga walituachia neno fupi: rahisi ghali.

Huey ya kwanza iliruka mwaka 1956. Huey II tulizo nazo ni miili ya zamani iliyofumuliwa, ikasukwa upya na kupewa injini yenye nguvu zaidi ya ukoo wa T53. Ni mashine nzuri, nasema bila kusita. Fundi huielewa upesi, na husamehe mengi. Lakini ndege iliyosukwa upya si ndege mpya. Jeshi la nchi kavu la Marekani, ambalo liliitumia Huey kuliko jeshi lolote duniani, liliachana na ya mwisho mwaka 2016. Mteja mkubwa akiondoka sokoni, anayebaki hulipa zaidi na husubiri zaidi.

Kisha kuna mazingira yetu. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret iko karibu futi 7,000. Hewa ya huko ni nyepesi. Ikikutana na joto la adhuhuri, injini hupungukiwa nguvu na mapanga hukosa hewa nzito ya kukamata. Mzigo ambao helikopta ingeuinua Mombasa bila taabu unaweza kuwa hatari kwenye nyanda za juu. Manda na Lamu kuna chumvi ya bahari inayotafuna aluminiamu usiku na mchana. Garissa na Mandera kuna vumbi linalosaga mapanga madogo ya kompresa ndani ya injini. Ratiba ya matengenezo iliyoandikwa na kiwanda kwa nchi ya baridi haitoshi hapa. Lazima ikazwe, na kuikaza ni pesa. Sisemi kwamba mojawapo ya haya ndilo lililoiangusha ndege ya Sindar. Wenye jibu ni wachunguzi, na ndiyo maana naomba tuwasikie.

Afrika Kusini ilinunua Gripen 26 kutoka Sweden, ndege za kisasa kabisa. Mkataba wa matengenezo ulipoisha mwaka 2021 bila mwingine kutiwa saini, zikakaa chini karibu mwaka mzima. Katika vitabu, nchi ilikuwa na ndege za kivita. Angani haikuwa na hata moja.

Nasi tuna historia yetu. Ndege zetu za kivita za F-5 za kwanza zilifika mwaka 1978 zikiwa mpya. Mwishoni mwa muongo wa 2000 tukaongeza nyingine zilizotumika, kutoka Jordan, na maswali mengi yakaulizwa juu ya ununuzi huo. Ndizo F-5 zilizopelekwa Somalia katika Operesheni Linda Nchi kuanzia Oktoba 2011. Ninawavulia kofia mafundi wa kambi ya wanahewa ya Laikipia waliozifanya ndege za umri huo zipae kwenda vitani. Lakini ushujaa wa fundi si sera, Mheshimiwa. Taifa haliwezi kuendelea kuegemea mtu anayekesha akichonga kipuri ambacho kingepaswa kuwa kwenye rafu.

3. Aina za ndege ni nyingi mno

Tuna Huey na MD-500 na MD 530F za Marekani, Mi-171 za Urusi, Z-9 za Uchina, Puma za Ufaransa, AW139 za Italia. Hizo ni helikopta pekee. Upande wa ndege za mabawa kuna F-5, Tucano, Y-12, Dash 8, C-27J, Grob za mafunzo. Kila aina ina vitabu vyake, vifaa vyake vya kupimia, kozi zake, ghala lake na muuzaji wake. Fundi aliyebobea katika Mi-171 hawezi kuhamishiwa Huey wiki ijayo. Na tangu vikwazo dhidi ya Urusi vikazwe mwaka 2022, kila mwenye helikopta za Mi duniani anajua ilivyo shida kupata vipuri halali na kuvilipia.

Aina hizi hazikuchaguliwa na mafundi. Zililetwa na urafiki wa kidiplomasia wa wakati wake, kila rafiki na mzigo wake.

4. Hakuna jicho huru

Ndege ya abiria ikianguka Kenya, inachunguzwa na idara isiyomiliki ndege wala kuiendesha. Ndege ya jeshi ikianguka, jeshi linajichunguza. Ndilo linalonunua, linalotunza, linalorusha na linaloamua kama lilikosea. Sitilii shaka uaminifu wa maafisa wetu. Mpangilio wenyewe ndio wenye kasoro.

Uingereza ilijifunza hili kwa damu. Tarehe 2 Septemba 2006, ndege yake ya kijeshi, Nimrod XV230, ililipuka angani Afghanistan na kuua wote 14 waliokuwamo. Charles Haddon-Cave, wakili aliyepewa kazi ya kuichunguza, alitoa ripoti yake Oktoba 2009. Hakuishia kwenye bomba lililovuja. Alionyesha jinsi miaka ya kupunguza gharama, kubadili uongozi na kuamini makaratasi ilivyoondoa usalama kidogo kidogo, na akawataja wahusika kwa majina. Mwaka uliofuata Uingereza ikaunda mamlaka ya usalama wa ndege za kijeshi yenye nguvu ya kuzuia ndege isipae. Jeshi lake halikudhoofika kwa kufanya hivyo.

5. Mafundi wanaondoka

Kumfunza fundi wa helikopta mpaka aaminiwe kutia saini peke yake huchukua miaka mingi. Kumpoteza huchukua barua moja kutoka Dubai au Doha. Wenzangu wengi waliotoka jeshini wakiwa na ujuzi adimu walijikuta wakirudia mitihani tangu mwanzo ili wapate leseni ya kiraia, kana kwamba miaka yao kwenye ndege za taifa haikuwahi kuwapo. Wanaobaki kazini wanaliona hilo. Naomba litazamwe kama suala la ulinzi, kwa maana helikopta mpya 16 zinahitaji mikono, na mikono hiyo haitoki Marekani pamoja na ndege. Ikitoka huko, itatoka kwa mkataba wa dola.

6. Viwanda vyetu vimeachwa kando

Kenya si maskini wa uwezo. Kiwanda cha risasi cha Eldoret kipo tangu 1997. Cha bunduki ndogo kilifunguliwa Ruiru mwaka 2021. Kisumu na Mombasa tunaunda na kukarabati meli chini ya Kenya Shipyards. Taifa-1, setilaiti iliyobuniwa na wahandisi wa Kenya, ilirushwa Aprili 2023, na kabla yake, Mei 2018, ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu 1970, wakati setilaiti ya Uhuru iliporushwa kutoka pwani ya Malindi, jina letu liko katika vitabu vya sayansi ya anga.

Wilson na Embakasi kuna karakana zenye vibali vinavyotambuliwa kimataifa, zinazohudumia ndege za nchi jirani, za mashirika ya misaada na za madaktari. Ethiopia imefika mahali ambapo nyaya zinazosukwa Addis Ababa zinaingia katika ndege za Boeing. Haikufika huko kwa bahati. Iliamua, ikalipia, ikasubiri. Sisi tukinunua ndege, sharti la kuleta kazi nyumbani huonekana kama adabu ya hiari.

Najua nitakavyojibiwa, kwa hiyo nijibu mapema.

Mtasema haya ni mambo ya siri. Idadi ya ndege zilizo tayari Jumatatu hii, ziko wapi, zina silaha gani: hayo ni siri na yabaki siri. Chanzo cha kuanguka kwa helikopta ya miezi iliyopita si siri ya vita. Marekani na Uingereza huchapisha ripoti za ajali za ndege zao za kijeshi, wakifuta kwa wino mweusi yale yanayostahili kufichwa. Tena shambulio la Januari 2020 huko Manda Bay, kwenye ardhi yetu, liliua Wamarekani watatu na kuharibu ndege, na wizara yao ya ulinzi ikatangaza matokeo ya uchunguzi mwaka 2022, yakiwemo makosa ya makamanda wake. Mkenya wa Lamu alisoma kilichotokea karibu na nyumbani kwake kwa hisani ya Washington. Hapa kwetu pia, alipofariki Waziri George Saitoti na naibu wake Orwa Ojode katika helikopta ya polisi Juni 2012, tume ya Jaji Kalpana Rawal iliketi hadharani. Nchi haikuanguka.

Mtasema pesa hakuna, hasa baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa Juni na bajeti kukatwa. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kufanya hesabu kabla ya kupokea. Kama uwezo wetu ni kutunza ndege kumi vizuri, tupokee kumi, na thamani ya sita zilizobaki tuombe itolewe kwa vipuri, vifaa vya kupimia na nafasi za mafunzo.

Mtasema kuweka masharti kwa zawadi ni kumuudhi rafiki. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha kuiuzia Kenya ndege 12 za Air Tractor na mbili za mafunzo kwa makadirio ya dola milioni 418. Mjadala mkali juu ya bei na juu ya kampuni iliyochaguliwa uliendeshwa na wabunge wa Marekani wenyewe, na mpango ukazimika. Urafiki ulibaki. Kinachonichoma ni kwamba maswali yale, ambayo kodi yetu ndiyo ingeyalipia, yaliulizwa kule kwa sauti kubwa kuliko hapa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mambo yafuatayo.

(a) Sehemu ya usalama ya ripoti za ajali za Sindar, Lamu na Ole Tepesi ichapishwe kabla ya mwaka huu kwisha, yakiondolewa tu yale yanayohusu mbinu za kivita. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari iliyo mikononi mwa Serikali. Familia zipewe ripoti kabla ya magazeti.

(b) Kabla helikopta ya kwanza kati ya zile 16 haijatua, mpango wa kuitunza kwa miaka ishirini uwasilishwe mbele ya Kamati ya Bunge: saa za kuruka kwa mwaka, vipuri, mafundi, mafunzo ya marubani yakiwemo ya kuruka usiku kwa miwani ya kuonea gizani, na nani atalipa msaada ukikoma. Faragha ikihitajika, kikao kiwe cha faragha.

(c) Pesa za matengenezo ziwekewe fungu lake katika bajeti, lisilohamishwa kwenda kwingine katikati ya mwaka bila idhini ya Bunge. Hili ndilo ombi langu kubwa. Likikubaliwa hili peke yake, barua hii itakuwa imefanya kazi.

(d) Iundwe kwa sheria mamlaka huru ya usalama wa ndege za Serikali, za jeshi na za polisi, isiyo chini ya kamanda anayeziendesha, na yenye uwezo wa kuzuia ndege isipae.

(e) Aina za helikopta zipunguzwe kwa ratiba inayojulikana, na kila msaada au ununuzi mpya upimwe kwa ratiba hiyo.

(f) Ujuzi wa fundi wa jeshi uhesabiwe kikamilifu katika leseni ya kiraia, na karakana za Wilson na Embakasi zialikwe kushindania kazi za matengenezo zisizo za siri. Vyuo vinavyofunza uhandisi wa anga vipate nafasi za mazoezi katika kambi, si kwa barua ya kujuana bali kwa utaratibu.

(g) Kifungu cha 240 kinataka Baraza la Usalama wa Kitaifa liripoti Bungeni kila mwaka. Ripoti hiyo iwe na sura ya utayari wa ndege, na wabunge wa Kamati waonyeshwe asilimia halisi ya zinazoweza kupaa.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 60. Kamati ikituita, nitakuja pamoja na mafundi wenzangu, wakiwemo waliozitengeneza Huey na F-5 kwa mikono yao, tueleze kwa mdomo yale ambayo hayafai kuandikwa hapa. Siku hizo zikipita kimya, nitawasilisha ombi rasmi Bungeni chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba, na ukusanyaji wa saini umekwisha kuanza.

Wako katika utumishi wa taifa,

Fundi wa ndege,
Lang'ata, Nairobi.

Nakala kwa:
Kamanda wa Jeshi la Wanahewa la Kenya;
Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali;
Tume ya Utekelezaji wa Haki.